Mama Jaliah Apiga Yowe Chuoni

Nusifa alikuwa akigeuza sambusa kwenye karai, nje ya nyumba yake pale Nakaloke, simu ilipolia mlio wa ujumbe. Akapangusa vidole kwenye leso, akasoma: "Hujambo mama. Chuo kinataka taarifa zako. Bonyeza hapa haraka." Juu yake kulikuwa na jina la Jaliah, na picha ya Jaliah akitabasamu.

Akainua macho. Jaliah, binti yake, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele yake, mikono imejaa unga, simu yake imelala kwenye kiti.

"Jaliah, umeniandikia?"

"Nikuandikie nini, Maama, nami niko hapa?"

"Basi kuna Jaliah mwingine. Na huyo ananisalimu kama mgeni, wala haniiti Maama."

Jaliah akausoma ujumbe, uso ukambadilika. Asubuhi alipigiwa simu na mtu aliyejiita karani wa chuo, akaombwa asome namba za siri zilizotumwa kwenye simu yake, ati jina lake liingizwe kwenye mtihani. Akazisoma. Tangu hapo wasapu yake ilifungwa, naye akadhani ni mtandao. Kumbe mwizi alikuwa ameingia, anaongea kwa mdomo wake. Na Jaliah ndiye kiongozi wa darasa. Akituma neno, wote wanatii.

"Watampa nywila zao za chuo," akasema. "Maama, tunyamaze. Nitanunua laini nyingine. Wakijua nilitoa namba mimi, watanifukuza, na mtihani ni Jumatatu!"

Nusifa aliogopa kufukuzwa huko kuliko Jaliah mwenyewe. Yeye aliishia darasa la nne. Kila mtoto alipotoka kwenda chuoni, alimsindikiza kwa macho mpaka apotelee konani. Lakini mtaani kwao hata kuku akiibwa, mwenye kuku hupiga yowe na majirani hutoka. Nani aliwahi kuibiwa akajificha uvunguni?

"Nawa mikono. Twende."

Namba ya ofisi ya kompyuta, iliyoandikwa nyuma ya kitambulisho cha Jaliah, iliita bila kujibiwa. Wakapanda boda mpaka Mbale. Njiani Nusifa akampigia dada yake Nabirye, aliyeko Wanyange kule Jinja. "Dada, ukipata ujumbe wa Jaliah..." Simu ikakatika.

"Afande, tumeibiwa!" akamwambia askari wa geti, naye akawapisha kabla hajauliza nini.

Nusifa alikusudia kwenda ofisini kwa adabu. Lakini uwanjani wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye nyasi, kila mmoja na simu yake. Nusifa akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Uuuuwi! Msifungueee! Ujumbe wa Jaliah ni wa mwizi! Msifungueee!"

Vicheko vikalipuka. "Mama wa nani huyo?" Kisha msichana mmoja akasimama, hacheki. "Mimi nimeshafungua. Na nywila nimeandika."

Bwana Gaster, mkuu wa ofisi ya kompyuta, akatoka mbio. "Mama, umeibiwa nini?"

"Mtoto wangu ameibiwa jina!"

Gaster akamgeukia Jaliah. "Ulimsomea namba?"

Jaliah akamtazama mama yake. "Nilimsomea."

"Saa ngapi? Nionyeshe ujumbe wenyewe."

Nusifa alikuwa ameshatoa simu yake, kidole kikitaka kuufuta uchafu ule. "Usifute, mama! Ni ushahidi!" Gaster akamkataza. Nusifa akaondoa kidole kama aliyegusa karai la moto.

Gaster akafunga akaunti ya chuo ya yule msichana, akatuma onyo kwa chuo kizima, akamwelekeza Jaliah jinsi ya kuirudisha wasapu yake. Jaliah akauliza kwa sauti ndogo, "Mtanifukuza?"

"Tumfukuze aliyetuamsha? Angalau wewe umekuja. Nenda ukasome."

Nusifa akakaa chini palepale kwenye ngazi, anacheka. Walipotoka, uwanja mzima ukaitikia, "Msifungueee!" Jaliah akajifunika uso kwa hijabu, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Simu ikalia. Nabirye.

"Wee Nusifa, ujumbe wa Jaliah ninao hapa. Nifungue?"

Nusifa akavuta pumzi, akashika kichwa tena.