Yangeyange wa Bonde la Gwata

Mimi mwoga. Nilikuwa mwoga kabla ya kuolewa, na ndoa haikunitibu. Kwa hiyo mume wangu aliporudi vitani na kamera shingoni, akasema atanifundisha kupiga picha ndege wanaoruka, nilimwuliza kama huko Burma walimpiga kichwani.

"Ndege aliyetua kila mtu anamweza," alisema. "Mimi nataka mabawa."

Tulikuwa tunalima mpunga bonde la Gwata, na msimu ule nilishinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kuamia ndege, nikipiga kelele weee! weee! mpaka koo likawaka. Dungu lenyewe nikikohoa tu linayumba. Hapo ndipo alipotaka nisimame na kidude chake, nimekishika tumboni, nimeinamia kioo kidogo kilicho juu yake. Na kioo hicho kilikuwa kinageuza mambo: ndege akienda kulia, humo ndani anakwenda kushoto. Mara ya kwanza nilimfuata yangeyange upande usio wake, nikakanyaga hewa. Mume wangu akanidaka kwa khanga. Nilimtukana, yeye anacheka.

"Usimngoje ndege, mfuate. Zungusha kiuno."

"Kiuno changu hakikuletwa hapa kwa kazi hiyo, bwana we."

Picha zilipotoka kusafishwa mjini zilikuwa ukungu mtupu. Akasema tatizo ni umbali.

Siku ninayoisema, yangeyange walikuwa wamejaa kwenye maji katikati ya mpunga, weupe pe. Mume wangu akaamua atatambaa mpaka karibu nao, ainuke ghafla apige makofi, wao waruke, mimi nipige picha. Nikamwambia basi apige mbinja akienda. Bondeni kwetu mtu hakuingia mpungani kimya. Nguruwe walikuwa wameanza kula hata mchana, na mpunga ukitikisika bila sauti ya mtu, mwenye dungu hulenga. Jirani yetu, mzee wa dungu la ng'ambo, alikuwa na gobore.

"Nikipiga mbinja wataruka kabla sijafika," alisema, akainama, akapotea.

Nikabaki juu, jicho kiooni. Yangeyange wametulia. Nyuma yao nikamwona yule mzee anasimama taratibu na kuelekeza gobore kushoto. Alhamdulillahi, nikajisemea, mume wangu yuko kulia. Kisha nikakumbuka kioo. Niliinua macho. Mtutu ulikuwa unatazama pale pale mpunga ulipokuwa unatikisika.

"Weee! Weee!"

Mzee hata hakugeuka. Nilikuwa napiga weee tangu asubuhi, angejuaje kwamba hii ni nyingine? Maneno ya "usipige, huyo ni mtu" yalinijia kesho yake, nikiwa nasonga ugali. Pale juu kichwa kilikuwa kitupu, nimebakiwa na jina la mume wangu tu. Na kwetu mke hatamki jina la mumewe. Mwenye mtoto husema baba fulani. Mimi nilikuwa sijazaa, nilimwita bwana we, na mbele ya wakwe nilikohoa tu ageuke. Jina lenyewe lilikuwa halijawahi kupita mdomoni mwangu.

Nikalitamka kwa ukelele. Lote, na la baba yake juu yake. Bonde zima lilisikia, mama mkwe akiwemo.

Mzee alishtuka, mtutu ukapanda, gobore likalia. Yangeyange waliinuka wote kwa pamoja ndani ya moshi, na mimi nimepiga magoti, kamera inaning'inia, sijabonyeza kitu. Nikatazama mpunga. Yarabi, ulikuwa umetulia kabisa. Sijui nilishukaje lile dungu. Nilikimbia kwenye tope huku nalia, nikamkuta amekaa kitako majini, mzima, uso umemsawijika, mikono imeziba masikio.

Nilimpiga ngumi ya kifua. Nikampiga tena. Mzee alikuwa anakuja kwa kelele, anamwomba Mungu msamaha, na mume wangu hakumtazama. Wala picha hakuiulizia. Alinishika mikono yote miwili.

"Niite tena," alisema.

Nilifungua mdomo. Halikutoka.