Pasi na Joho la Vipande

Fundi cherehani huyu alipewa jina la Pasi na wateja wake mwenyewe, wala si kwa ustadi wa kunyoosha nguo. Alikuwa mwepesi wa kupata moto: ukikosoa mshono wake kwa neno moja tu, ulitoka dukani umeungua. Mtaa mzima ulicheka. Binti yake, aliyeshona naye chumba kimoja, alikuwa amechoka kucheka.

“Baba, ukimfokea mteja mwingine, mimi nahamia kwa mama mdogo. Nitashona huko.”

“Nenda! Kwani nimekufunga kamba?” alijibu, kisha akajidunga sindano.

Wiki hiyohiyo mtawa wa Kibudha, mzee mwenye kichwa kilichonyolewa, alileta joho lililochanika pindoni. Pasi alipolitandaza akaona ni vipande vitupu vilivyoungwa. Akamhurumia mzee wa watu: badala ya kushona pindo, akalifumua lote na kumshonea jingine la kitambaa kizima.

Mtawa aliporudi, alieleza kwamba majoho yao hushonwa kwa vipande makusudi, ili mvaaji asijione. Pasi akakaza taya, tayari kufokewa na kufoka. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu.

“Umenivika utajiri, fundi! Basi, niungie tena vipande vyangu. Nitasubiri.”

Akaketi kwenye benchi, akafumba macho.

“Umesinzia, mzee wangu?”

“Hapana. Naitazama pumzi. Inaingia, inatoka.”

“Na hasira huwa hupati?”

“Huja. Lakini hasira ni nguo, fundi. Ukiletewa, si lazima uivae.”

“Mimi huivaa na kufunga vifungo vyote,” Pasi alikiri.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kugusa cherehani, aliketi kimya akifuata pumzi. Mwanzoni mawazo yalimtoroka kama kuku waliofunguliwa banda. Binti alichungulia.

“Baba, unaumwa?”

“Napumua, mwanangu.”

“Makubwa! Miaka yote hii ulikuwa unafanya nini?”

Mtihani ukaja na shangazi wa bibi harusi mmoja. Shangazi huyo alilibwaga mezani gauni aliloshonewa na Pasi.

“Wewe Pasi! Hili gauni au gunia?”

Binti akaanza kutia mkasi wake mkobani. Pasi alihisi moto ukipanda kifuani, shingoni, masikioni. Akautazama. Pumzi ikaingia, ikatoka. Moto ulikuwapo, ila leo ulimpitia kama mpita njia.

“Panakubana wapi, shangazi?”

“Pote!”

“Afadhali. Hatutapata shida ya kutafuta.”

Shangazi alifungua kinywa agombe, kicheko kikamtangulia. Kilitikisa mwili wake wote, na kifungo cha juu cha blauzi aliyovaa kikaruka hadi chini ya cherehani. Pasi alipoinama kukiokota, alijisikia mwepesi, akagundua kwamba naye anacheka.

Binti akatoa mkasi mkobani, akamletea uzi.

Pasi akakishona kifungo taratibu, akapiga fundo, akakata uzi.