Rangi ya Jua ya Philomena

Siku Philomena alipoletwa nyumbani kuagwa, dada yake Attracta Mulqueen alikuwa ameshagombana na mwenye kituo cha petroli, na muuza maua, na mbwa wa jirani. Gari lake lilikuwa limejaa kompresa, mipira, bomba la kupulizia na galoni la dawa ya rangi. Alipokanyaga breki mbele ya nyumba ya shemeji yake, vyote viliruka vikagonga kiti.

"Potelea mbali!" aliliambia galoni.

Alikuja kutimiza ahadi. Philomena hatalala kwenye jeneza mweupe pee mbele ya parokia nzima. Atalala na rangi yake ya jua, ileile aliyokuwa akipakwa kila Alhamisi, na atakayeleta kidomodomo siku hiyo atamjua Attracta ni nani.

Hasira labda alizaliwa nazo, au labda zilimpata mama yao alipofariki na kumwachia mdogo wa kulea, na baba asiyefungua mdomo ila kula viazi. Alimlea Philomena kwa kelele. Vaa koti. Maliza maziwa. Yule mvulana hafai, achana naye. Na Philomena, mtoto mtaratibu, alikuwa na jibu moja tu kwa yote: "Sawa, Attracta." Mara moja tu hakulitoa, alipoolewa na Colm Fahy mfuga ng'ombe, na jambo hilo Attracta hakulisamehe.

Saluni yake ilikuwa mjini Tuam, katika duka lililowahi kuuza samaki na chipsi, na ukuta wa nyuma ulikataa katakata kuacha kunuka mafuta. Kazi ilikuwa rangi: kuwapulizia watu dawa ya kuipa ngozi nyeupe ukahawia, kama iliyochomwa na jua. Msichana wa kule hawezi kwenda harusini na miguu myeupe, atasemwa mpaka Krismasi. Ila msichana huyohuyo atakufa kwa aibu akisimama na chupi ya karatasi mbele ya mama anayekaa benchi moja na bibi yake kanisani. Ndiyo maana wengine walikuwa wanajipaka wenyewe chooni, wanatoka na magoti ya chungwa. Attracta akaona dawa ni kibanda: mtu aingie peke yake, afunge mlango, apuliziwe na mashine, atoke na heshima yake.

Vibanda vya kununua vilikuwepo. Alikwenda kuvijaribu kwenye maonyesho Dublin, akatoka anawaka.

"Nani kachora upuuzi huu?" alimfokea muuzaji mbele ya watu. "Mtu wa jangwani? Hita iko wapi? Kwetu mwezi wa pili unammwagia mtu dawa ya baridi, vinyweleo vinamsimama, rangi inakaa kwenye vishimo. Anatoka na madoadoa kama yai la bata mzinga! Na hii feni mmeiweka juu ya nini? Si ukungu wote unapita puani kwanza ndio uende zake?"

"Mama, hiki kimeshinda tuzo..."

"Basi kaoge ndani ya hiyo tuzo!"

Akarudi akajenga chake, ndani ya gereji ya marehemu baba yake. Kuta alizipinda, kwa sababu kwenye pembe dawa hujikusanya na kudondoka. Feni aliiweka chini, nyuma ya visigino, ili ukungu ushuke na kwenda zake bila kumpitia mtu puani. Hita aliielekeza miguuni. Mabomba yalikuwa ya kuoshea mashine ya kukamulia ya Colm, ambayo Philomena aliyabeba kwenye toroli mumewe akiwa mnadani.

Na mwili wa majaribio ulikuwa wa Philomena. Nani mwingine? Mara ya kwanza pua za bomba zilikuwa zimefungwa mahali pamoja, moja juu, moja katikati, moja chini, akatoka na mistari kama punda milia. Attracta alirusha spana ukutani. Jumapili Philomena akaenda misa na shingo imefungwa kitambaa, wakati wa joto. Attracta akafanya pua zipande na kushuka kwenye mlingoti, mistari ikaisha, lakini kwapani pakabaki peupe. Akabuni vishikio vya juu, mtu ainue mikono kama aliyekamatwa na polisi.

"Geuka. Usipumue. Nimesema usipumue!"

"Sawa, Attracta," Philomena alijibu, meno yanagongana.

Kibanda kikawa kizuri, kizuri kabisa. Wasichana walikuja kutoka mbali. Philomena aliendelea kuingia kila Alhamisi, hata majaribio yalipokwisha, kwa kuwa Attracta alishaamua kwamba anakihitaji. Sababu alikuwa nayo, na sababu ilikuwa Colm. Mwanamume yule hakumpeleka mkewe popote penye jua, hata wiki moja. Kila mwaka Attracta alimletea vijitabu vya likizo za Tenerife, kisiwa cha jua, na kila mwaka Colm alijibu kwamba ng'ombe hawana likizo.

"Basi jua nitamletea mimi," Attracta alimwambia, "wewe lala na ng'ombe wako."

Kisha damu ya Philomena ikaanza kuugua, na hospitalini akawa mweupe kuliko shuka. Attracta aligombana na madaktari mpaka wakaanza kupita mlango wa pili. Siku moja alikaa kitandani akamshika mdogo wake mkono, akasema, "Sitawaacha wakuone hivi. Unanisikia? Nitakupaka mwenyewe. Utalala kama umetoka Uhispania jana."

Philomena alimtazama muda mrefu. "Sawa, Attracta," akasema.

Na sasa Colm alikuwa amesimama mlangoni, na suti iliyombana, hatoki.

"Hapana, shemeji," alisema alipoiona kompresa.

"Pisha."

"Nakuomba. Mwache apumzike."

"Tangu lini wewe unajua kumpumzisha? Maisha yake yote kavaa mabuti ya mvua akibeba ndoo zako! Leo ndio umejifunza huruma?"

"Attracta, nimesema hapana. Watu wanakuja. Padri anakuja."

"Waje! Kwani naficha? Niliahidi, Colm. Nilimwahidi akiwa hai, akakubali kwa mdomo wake. Sasa pisha, au nikupitishie hii mashine juu ya vidole."

Colm akatazama viatu vyake. Akapisha. Attracta alimdharau zaidi kwa kupisha.

Chumbani jirani yao Breege alikuwa anapanga mishumaa. Dirisha lilikuwa wazi kama ilivyo desturi, roho ipate njia, na baridi ilikuwa imejaa tele. Attracta akalifunga dirisha, akachomeka hita.

"Hita?" Breege alishtuka. "Maiti na hita? Umerukwa na akili?"

"Rangi haishiki kwenye baridi. Nenda kakate mikate."

"Lakini Attracta, mpenzi..."

"Mikate, Breege!"

Breege akaenda. Attracta alimfunika mdogo wake nguo kwa taulo, akavaa barakoa, akawasha kompresa. Ikanguruma mpaka vikombe vikatetemeka jikoni. Haikuwa kazi rahisi. Vifaa vyote, vyake na vya watu wengine, vimebuniwa kwa mtu anayesimama, anayegeuka akiambiwa geuka. Kwa mtu aliyelala, ukungu unashuka wote usoni na kufanya dimbwi. Ilibidi apige kutoka ubavuni, kidogo kidogo. Alizima mishumaa kwa upepo wa bomba, akaitukana, akaendelea.

Na lile alilokuwa akiwafundisha wasichana wake kila siku alilijua vizuri: dawa ile ina rangi mbili. Moja ni ya juu juu, ya kumwonyesha mpakaji alikopita, nayo hutoka kwa maji. Ya pili, ya kweli, hupika polepole ndani ya ngozi, na jiko lake ni joto la mwili. Philomena hakuwa na joto, na hita ile ilikuwa ya kujidanganya. Basi Attracta akaongeza ile ya juu juu, tabaka juu ya tabaka, akakaza meno. Akaona imependeza. Mashavu yakawa kama ya mtu aliyekuwa ufukweni. Kwa muda mfupi hasira zikampungua, akamnyoosha nywele.

Watu wakaanza kuingia. Walisimama kando ya jeneza, wakatazama, wakatazamana. Mzee mmoja alinong'ona, "Yesu wangu, anaonekana mzima kuliko mimi." Attracta akavimba kichwa. Akamtupia Colm jicho kutoka upande wa pili wa chumba: umeona?

Ndipo Padri Heneghan akaingia, akaanza sala, akachukua kijitawi kwenye bakuli la maji ya baraka. Bakuli lilikuwepo kichwani pa jeneza muda wote. Kila nyumba ya msiba kule inalo, na kila anayekuja kuaga hunyunyiza. Attracta mwenyewe alilisogeza alipokuwa anapanga mpira wa kompresa, hata halikumwambia kitu. Mtu mwenye hasira haoni bakuli.

"Padri, ngoja!" alipiga kelele.

Padri hakungoja. Alikuwa na mkono mzito, wa kubariki trekta na mazizi. Maji yalimpata Philomena paji la uso na mashavu, na rangi ikaanza kutembea. Ikashuka michirizi ya kahawia kutoka machoni mpaka kwenye kola nyeupe ya blauzi yake. Mtu akaguna. Msichana fulani nyuma akacheka, akajiziba mdomo.

"Anatoka chai," yule mzee akasema, kwa sauti ya kiziwi.

"Tokeni!" Attracta alifoka. "Tokeni wote! Na wewe Padri, unamwagilia maua? Nani alikufundisha kazi? Tokeni!"

Colm ndiye aliyewatoa, kwa upole, akiwagusa mabega mmojammoja. Alipobaki na Attracta peke yao akafunga mlango. Attracta akamgeukia, ngumi zimekunjwa. Alikuwa anangoja ugomvi, tena aliuhitaji.

"Haya, sema. Umeninyamazia miaka yote, sema leo. Sema nilikuambia!"

"Aliniomba nikuzuie," Colm akasema.

"Nani?"

"Nani mwingine? Kule hospitalini, ulipokwisha kuondoka. Kasema, Colm, akija na vyombo vyake, mwambie hapana. Kasema amechoka kunuka biskuti kwa hiyo dawa yako. Anataka alale na uso wake."

"Muongo mkubwa wewe! Aliipenda! Alikuja mwenyewe kila Alhamisi!"

"Alikupenda wewe. Gereji aliichukia. Akirudi alikuwa anajifungia bafuni na ndimu, anajisugua mpaka ngozi inawaka. Mimi ndiye nilikuwa namnunulia hizo ndimu." Alipangusa pua kwa mkono wa suti. "Na hivyo vijitabu vyako, Attracta. Tenerife. Jua lilimtia vipele tangu utoto. Hukujua? Alisema akikukatalia yeye utalia, nikikukatalia mimi utatukana tu. Basi nikakubali kuwa mimi."

Attracta akaitazama michirizi kwenye kola ya mdogo wake.

"Mbona hukunieleza pale mlangoni?" akauliza.

"Nilikwambia hapana. Wewe hapana huisikii. Na yeye alisema nikishindwa nikuache, maana usipopata kazi ya mikono siku hii, utavunja nyumba."

Akatoka. Akarudi na beseni la maji ya moto na taulo safi, akaviweka chini bila kumtazama, akaenda kuwaambia watu wasubiri.

Attracta akasimama juu ya jeneza.

"Mjinga we!" alimwambia mdogo wake, sauti inapanda. "Mjinga mkubwa! Neno moja lilikushinda nini? Nisingekumeza! Unasimama uchi kwenye ile baridi, mwaka baada ya mwaka, unanichekea? Nani alikwambia uniogope? Nani?"

Jikoni vikombe vilinyamaza, walimsikia wote. Hakujali. Alichovya taulo, akalikamua kana kwamba ni shingo ya mtu, akaanza kufuta, anatukana, anafuta. Rangi ilitoka bila taabu yoyote. Chini yake uso ukajitokeza polepole, mweupe, na madoadoa ya kahawia yametapakaa juu ya pua, mengine madogo kama chembe za pilipili manga, na makovu mekundu mahali ndimu ilipouma. Attracta aliinama karibu. Alikuwa amemtazama mwili mzima mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, kwa taa kali, akitafuta mahali rangi haikufika, na uso huu hakuujua.

Alifuta mpaka maji ya beseni yakawa meusi. Kisha akafungua dirisha.

"Haya, waingie," alisema mlangoni, bado kwa sauti ya ugomvi, na Colm alipopita, Attracta alimshika mkono wa suti, akaushikilia.