Pijo la Baba Lilipopigwa Rangi Nyeupe

Kwa miaka mingi niliamini, tena nikawafundisha na wengine, kwamba rangi za magari zilizoanza kujaa madukani baada ya biashara kufunguliwa zilikuwa zimetiwa dawa. Ukilipulizia gari lako, haupiti mwezi unalichoka. Hutaki hata kulitazama, unaanza kuota gari jingine, na huko waliko wenye viwanda wanacheka kwa sababu lazima utanunua. Habari hizo nilizipata Kasumulu, mpakani na Malawi, kwa dereva wa lori aliyeapa kwamba shemeji yake aliliacha gari zima kando ya barabara, tena likiwa na mafuta tele. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, mwenye cheti kilichotundikwa ukutani ndani ya kioo, nilizimeza bila maji. Nilikuwa na ushahidi: baba yangu mzazi.

Baba alikuwa na Pijo pikapu, alilolinunua enzi ambazo mwenye baiskeli tu aliamkiwa mara mbili. Lilikuwa la kijani, lakini jua na mvua ya Kyela, ambayo hainyeshi bali humwagwa kwa mapipa, vilikuwa vimelifanya liwe na rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Madigadi moja ya mbele ilikuwa nyekundu, maana baba aliwahi kugonga ng'ombe, akang'oa madigadi ya gari bovu na kuifunga hivyohivyo. Kwenye tambarare ile ya mashamba ya mpunga, ungeliona gari la baba likitoka Ipyana hata ungekuwa umesimama Malawi.

Kutu ilipoanza kuchungulia chini ya mlango, baba aliniambia nilipeleke kwa fundi rangi mjini, pazibwe palipochubuka, basi. Mimi nikaona haya. Barabara ya mpakani ilikuwa imejaa pikapu nyeupe za wafanyabiashara, zimetoka Dubai na Japani kama zilizofuliwa, na mzee wangu anapita katikati yake kama jogoo aliyenyonyoka. Fundi, mtu wa asili ya pwani mwenye ulimi wa asali, akanitia ndimu.

"Kiraka ni cha kanzu, bwana mdogo. Gari huvishwa zima."

Nikarudi kumshawishi baba. Nilimweleza habari za unyevu, kutu na oksijeni mpaka nikamchosha. Alisema tu kwamba watu wamelizoea gari lile vile lilivyo. Nikacheka, nikamwambia jeupe pia watalizoea.

Mke wangu naye hakuafiki. Kwa mila zetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja huacha njia, akaingia migombani mpaka apite. Kwa hiyo hakuweza kumwambia baba lolote, aliniambia mimi, akiwa anapepeta mchele, kwamba tuzibe palipochubuka na kwingine tuache. Nikadhani ni ule woga wa vitu vipya. Sikumuuliza.

Gari likatoka kwa fundi jeupe pee, jeupe mpaka ng'ombe walifumba macho. Baba alilizunguka, akaipapasa madigadi ambayo haikuwa nyekundu tena, akasema "ndaga", ndiyo asante ya kwetu, kwa sauti ndogo. Akaliendesha kwenda sokoni na kurudi. Akaliendesha tena. Halafu siku moja ya soko alirudi mapema, akaliegesha karibu na majamvi ya kuanikia kakao, akaniwekea ufunguo mkononi bila kunitazama.

"Lichukue wewe. Mimi nitatembea."

Nilimuuliza kama injini ilimsumbua. Hapana. Breki? Hapana. Nikamtania kwamba anaogopa kulichafua, hakucheka. Tangu hapo alikwenda shambani kwa miguu, na goti lake lile bovu, mvua ikimpiga. Nilikuwa nikimkuta njiani nasimama nimpakie, naye ananionyesha kwa fimbo niende zangu. Ndipo niliposikia ile habari ya Kasumulu, nikasema, kumbe! Nikamlaani fundi, nikawalaani wenye viwanda hadi ng'ambo ya bahari. Nilifikiria kulirudishia kijani, lakini kijani ile, iliyopikwa na jua maisha yote ya baba, ningeinunua duka gani? Uchungu ukanifanya nami niliache. Likaozea bandani, na baba tukamzika.

Baada ya matanga, watu wamekaa wanazungumza, nikaanza tena kusimulia habari ya rangi yenye dawa. Mke wangu akaniita nyuma ya nyumba. Alikuwa bado amejifunga kanga ya msiba.

"Acha kuwaambia watu hayo," alisema. "Siku ile ya soko aliyokupa ufunguo, nilikuwa natoka sokoni na mzigo kichwani. Nikaona pikapu nyeupe, nikajua ni wafanyabiashara, nikapunga mkono kuomba lifti. Ikasimama. Nikainama dirishani, nikakutana na macho ya baba."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote ile.

"Ningeanzia wapi? Aibu ile ilikuwa yake na yangu. Zamani sote wakamwana tuliliona lile la kijani na jekundu likiwa mbali, tunaingia migombani. Mkalifanya jeupe kama mengine. Rangi haikuwa na dawa yoyote, baba watoto. Baba aliacha gari ili sisi tuweze kupita njiani."