Kambi ya Bure

Nianze na neno kambi, maana ndilo lililotuponza. Huku Dubai kambi si hema. Kambi ni jengo la kampuni, ghorofa juu ya ghorofa, vitanda vya juu na chini, jiko moja la kugombania, na mlinzi getini anayekuuliza utokako utadhani ni mamako. Ukisema "naishi kambini" umeeleweka, uwe Mkenya, Mganda au Mtanzania. Neno la kwenda kulala porini kwa raha zako hatuna, kwa sababu ni nani aliyepanda ndege kuja Ghuba ili akalale porini?

Ni Loise Kagendo.

Loise ni mtu wa Chuka, na kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hoteli katika kiwanda cha kufulia huko Dubai Investments Park. Mchana kutwa yuko ndani ya mvuke. Jioni basi la kampuni linamrudisha kambini, anapanda kitanda chake cha juu, na pua yake inakaribiana na dari. Wenzake wanafungua tamthilia kwenye simu. Yeye anafungua ramani, ile ya picha zilizopigwa kutoka angani, anatazama mchanga. Anausogeza kwa kidole, polepole, akitafuta vidoa vya kijani.

Vidoa hivyo ni miti ya ghafu, ndugu ya migunga yetu, inayoota jangwani bila kumwomba mtu maji. Akikipata kichaka chake, Loise anaangalia kama kuna uzio. Kama hakuna, anaangalia kama kuna njia ya gari. Siku yake ya mapumziko ikifika, anamwamsha rafiki yake Duncan, mlinzi mwenye Pajero kuukuu, waende wakapakague. Kinyesi cha ngamia kikiwa kibichi, anamtafuta mwenye ngamia, anamsalimu na kumwomba ruhusa. Akiona chupa zilizovunjika, anageuza gari. Pakimpendeza anavua viatu, anakanyaga mchanga kwa kisigino kuona kama ni mgumu, kisha anajilaza chali palepale na kunyoosha mikono na miguu yote. Hicho ndicho kipimo chake cha mwisho. Mahali pazuri, anasema, ni pale unapojinyoosha usimguse mtu.

Sisi Wakenya ukitutajia ardhi masikio yanasimama, kwa hiyo Duncan akambandika jina la Waziri wa Ardhi. Mnyakuzi wa ajabu huyu. Ananyakua Jumamosi, Jumapili anarudisha, na hata kigingi habakishi.

Mimi ni Najla, mzaliwa wa Malindi, muuza mabuibui Deira. Nina ulimi, nao mchanga siupendi. Nilimjua Loise alipoingia dukani kuulizia kitambaa kizito, kisicho na maua, kisichopitisha upepo, mita nyingi.

"Buibui la nani hilo," nikamuuliza, "la ngamia?"

"La kulala," akasema, na akanieleza habari ya hema kwa furaha kubwa mpaka nikamkatia kitambaa na kumshonea mwenyewe. Sijui aliniloga vipi. Mwezi haukuisha, nami nikajikuta natambaa kwa magoti kuingia ndani ya kitu nilichokishona kwa mikono yangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama nikinung'unika, lakini nilipotoa kichwa asubuhi na kuona ukimya ule wote, hakuna honi, hakuna mashine ya hewa inayonguruma ukutani, nilinyamaza. Watu wanaonijua wanasema hiyo peke yake ni habari ya gazeti.

Basi mwaka huu, baridi ilipoanza, Loise akapata mahali papya jangwani, upande wa Lahbab. Kwa furaha akaandika kwenye kundi letu la simu, nami nilisoma ujumbe ule nisione ubaya wowote:

"Nimepata kambi mpya. Bure kabisa. Miti iko, upepo uko, hakuna msimamizi, hakuna kugombania jiko. Tunahamia Jumamosi. Mwenye anataka nafasi aseme mapema."

Akajibu mtu mmoja tu, dada aliyeingizwa kundini juzi na watu wa kanisani kwake: "Mimi nataka nafasi moja, dada. Vitu zangu ni kidogo." Loise akamwandikia: "Karibu sana! Lete godoro."

Jumamosi alasiri Duncan alisimamisha Pajero nje ya kituo cha metro cha Discovery Gardens. Dada mwenyewe alikuwa amesimama kivulini, mwembamba, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kufanyiwa usaili wa kazi. Alitwambia anaitwa Fortunate, wa Mbarara, msafishaji wa nyumba za watu. Kando yake palikuwa na sanduku kubwa lililofungwa kamba, godoro lililokunjwa, sufuria, ndoo imejaa vyombo, na pazia juu ya hanga.

"Wueh!" Duncan akacheka. "Madam, unapiga kambi mwezi mzima?"

"Zaidi, ssebo," Fortunate akajibu kwa adabu. "Kama Mungu atasaidia."

Tukacheka wote. Na yeye akacheka, kwa sababu sisi tulicheka. Njiani akaniuliza kama huko kila kitanda kina pazia lake, au atumie hili alilokuja nalo. Nikadhani anatania. Nikamwambia huko mapazia ni ya kwake Mungu. Akaitikia kwa kichwa, akalishika lile hanga lisipondwe na ndoo. Nilimpenda kwa ucheshi wake, mimi mjinga.

Tulifika jua likiwa bado juu. Kichaka kilikuwa kizuri kweli, ghafu nne au tano zimeinamiana, mchanga mwekundu umelala vizuri, na kwa mbali ngamia wawili wanatutazama bila haja. Loise akavua viatu. Duncan akaanza kushusha makaa na chombo cha kuyawekea, maana Loise hamruhusu mtu kukata hata kijiti cha ghafu. Fortunate alishuka na ndoo yake, akazunguka gari upande mmoja, akazunguka upande wa pili.

"Dada Loise," akasema, "jengo liko wapi?"

"Jengo gani?"

"Ya kambi."

Duncan ndiye aliyeelewa wa kwanza, akakaa chini palepale mchangani kwa kicheko. Mimi nikafuata. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikasema, "Yallah, Loise, mwonyeshe lifti!" Fortunate mwenyewe alitabasamu, akasema, "Banange, mimi sikuelewa." Alitabasamu vizuri sana. Ila ile ndoo hakuiweka chini.

Loise hakucheka. Alikuwa anaitazama ile sufuria.

"Umekuja na vitu vyako vyote," akamwambia.

"Ndiyo, dada."

"Huko ulikotoka, unarudi?"

Hapo ndipo yalipotoka. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikuwa imegawanywa kwa mbao, kila mtu na kijichumba chake, na mwenye nyumba alikuwa ameambiwa na serikali aziondoe mbao zote. Wenzake walishatawanyika, huyu kwa binamu, huyu kwa rafiki. Yeye hakuwa na binamu. Kampuni yake haina kambi. Bosi wake alikuwa amempa chaguo moja: kama hadi Jumapili hana pa kulala, apelekwe kuishi ndani ya nyumba ya madam mmoja ambaye alikuwa akimsafishia.

"Si nyumba nzuri?" Duncan akauliza. Sasa alikuwa ameinuka na kujikung'uta.

"Nzuri sana. Niliishi ndani mara moja, kwa madam mwingine. Kazi ilikuwa haiishi, ssebo. Mtoto akilia, ni Fortunate. Mgeni akikuja, Fortunate. Mimi nikasema, nikitoka hapa sitarudi kulala ndani ya kazi tena." Akaihamisha ndoo mkono wa pili. "Nilipoona 'hakuna msimamizi', nikafurahi. Niliambia mama yangu kwa simu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Si aibu ya kupita. Nilitamani mchanga ule nisioupenda unimeze.

Sasa mtu mwingine angesema pole, pole, tukurudishe mjini. Loise alichukua ndoo mkononi mwa Fortunate. "Hata hivyo umefika," akasema, "na mimi ndiye nilikukaribisha. Najla, usiingize vitu vyako kwa ile hema ya zipu."

"Mimi nilale wapi?"

"Na mimi, kwa hema ya ngamia. Huyu apate mlango wake leo."

Nilinung'unika, kwa desturi, lakini nilikubali. Tukasimamisha mahema, tukamtandikia godoro lake, likajaza hema lote. Loise akafunga kamba kutoka mti hadi mti, akalitundika lile pazia mbele ya mlango, jekundu lenye majani meupe, likapepea pale jangwani bila sababu yoyote. Duncan akachoma kuku. Fortunate akapika wali kwa sufuria yake, akatupakulia kabla ya kujipakulia, na kila tulipomwambia keti akaketi ukingoni kabisa mwa mkeka. Tulicheka tena kabla ya kulala, lakini safari hii tulimcheka Duncan, aliyekataa hema kwa kuogopa nge, akajikunja ndani ya Pajero miguu ikitokeza dirishani.

Alfajiri nilipomaliza kuswali, Loise alikuwa ameshaamka, ananingoja na kikombe cha chai.

"Tutembee," akasema.

Nilimjua. Alikuwa na uso ule anaoutazamia ramani. Tukapanda tuta la mchanga, mimi nikizama kila hatua, na juu akaketi.

"Najla, kile kitanda cha pili chumbani kwako kinalaliwa na nani?"

"Kina mabuibui. Ni mzigo wa dukani, unajua."

"Na hayo mabuibui yana visa?"

"Loise!"

"Nauliza tu."

"Huulizi. Unanyakua." Nilikasirika, nasema kweli. "Mimi nimepanga kwa Bi Nana, na Bi Nana ni mtu mzima, ana taratibu zake. Mimi pia nina zangu. Naamka alfajiri, nataka ukimya. Simjui huyu. Pengine anakoroma. Pengine anapika samaki mkavu. Wewe mwenyewe mbona humchukui?"

"Ningeweza ningekuwa nimeshamchukua. Kambini mgeni hapiti geti, unajua. Duncan analala na wanaume watano." Akamimina mashapo ya chai mchangani. "Mimi natafuta mahali wiki nzima, Najla. Naangalia kama ni ya mtu, kama iko na uzio. Hii ya kwako iko na mwenyewe. Ndiyo maana nimekuja kusalimia kwanza."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi nilikuwa namtafutia huyu jembe kabla hajalala kwangu hata siku moja. Nilijiambia nitafikiri. Kufikiri kwangu mimi, atakayeningoja atazeeka.

Tuliposhuka, Fortunate alikuwa amekwisha kuamka. Godoro limetandikwa. Viatu vyake viko nje ya hema, sambamba, visigino vimegusana. Na yeye mwenyewe ameinama, ameshika tawi kavu aliloliokota chini, anafagia. Alifagia mbele ya pazia, akafagia hadi penye makaa, akarudi akafagia alama za miguu yake mwenyewe. Mchanga upande huu, mchanga upande ule, mpaka upeo wa macho, na yeye anafagia mlangoni pake.

Mzaha ulinijia hadi ncha ya ulimi. Haukutoka; machozi yakaja badala yake. Nikageuka, nikajifanya nafunga mtandio.

"Fortunate," nikamwita, kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Unakoroma?"

Akanyooka na tawi lake. "Hapana, dada. Sijui. Hakuna mtu aliniambia."

"Mimi nitakwambia. Nina chumba Deira, kwa mama mmoja anaitwa Bi Nana. Kina vitanda viwili, kimoja kimejaa nguo, tutazitoa. Alfajiri nataka ukimya. Samaki mkavu anapikwa dirisha likiwa wazi. Bi Nana utamsalimu shikamoo kila mara, hata ukimkuta mara kumi kwa siku, na leo nitaongea naye mimi, wewe unyamaze utabasamu. Unaniskia?"

Alinisikia, ila hakusogea. Aliangalia Loise, akaangalia lile pazia, kisha akaniangalia mimi usoni kwa mara ya kwanza tangu tukutane, na sikuona furaha niliyoitegemea. Niliona mtu anayehesabu vyumba alivyotolewa.

"Mpaka lini, dada?"

Nilitaka kusema mpaka upate pako, neno la adabu ambalo kila mtu hulisema huku, na ambalo bila shaka alikuwa ameshaambiwa kila alikolala.

"Mpaka tukosane," nikasema.

"Na tukikosana?"

"Tutapatana. Chumba ni kimoja, mwanamke, utakwenda wapi?"

Ndipo alipouweka chini ule ufagio wake wa ghafu, akaenda kulitoa pazia.