Mvushaji wa Jumamosi

Nilihamishwa kutoka Mbinga mjini kwenda sekondari ya kata kando ya Ziwa Nyasa, na kwa muda mrefu sikulipenda ziwa lile. Kwetu ni Singida. Sikuzoea maji mengi kiasi kile. Nyumba niliyopewa ilitazamana nayo, na upepo mkali wa ziwani, waitwao mwera, ulipovuma nilifunga madirisha hata kama joto lilikuwa kali.

Katika darasa langu la Kidato cha Pili alikuwamo msichana asiyesema. Nikiita majina, alinyoosha mkono tu. Nikimuuliza swali, alisimama, akanitazama kwa adabu, akabaki hivyohivyo mpaka nimwambie akae.

"Mwalimu, usimlazimishe," wenzake waliniambia. "Hajasema tangu msiba wa dada yake."

Dada yake alikuwa akirudi kutoka gulioni kwa mtumbwi, mtumbwi ukapinduka. Wote waliokuwamo waliokolewa, yeye peke yake hakuonekana, wala mwili wake. Tanga la msiba wake likaanuliwa bila kaburi.

Mwaka huo mwalimu wa Hisabati, kijana wa Pangani, alianzisha mchezo aliojifunza chuoni. Jumamosi mchana aliwaketisha wanafunzi wachache kuzunguka meza, akaweka katikati dadu yenye nyuso nyingi. Hakuna aliyeshindana na mwenzake. Kila mmoja alijichagulia mtu wa kuwa: mwindaji, mganga, mfua vyuma. Mwalimu alisimulia wako wapi na nini kimewatokea, wao wakasema wanafanya nini, na dadu ikaamua kama wameweza.

Nilidhani ni upuuzi, mpaka nilipoketi nao. Watoto hawa nyumbani walisema Kinyasa na Kimpoto. Darasani waliogopa kufungua kinywa wasije wakachekwa. Mezani pale waliogopa zaidi kufungiwa nje ya mji wa mchezoni wakiwa na njaa, kwa hiyo walibishana na mlinzi wa lango kwa Kiswahili kilichonyooka, wakapanga, wakagawana kazi, wakajumlisha alama za dadu kichwani. Mvulana aliyekuwa na kigugumizi aliwahi kuomba amani mbele ya jeshi zima bila kukwama. Mimi ndiye niliyemwalika yule msichana. Nilitaka angalau acheke.

Alikuja, akakaa akiitazama dadu ikirushwa. Mwalimu mwenzangu hakumharakisha. Safari ilipofika kwenye mto mpana, akamgeukia: "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mvushaji," msichana akasema. "Nawavusha watu."

Sauti ilikuwa nzito, ya mwanamke mzima. Akawatania abiria wake mmoja mmoja, kisha akacheka, kicheko kirefu kilichoanzia kifuani. Binti aliyekaa karibu yangu, jirani yao kijijini, alinishika mkono.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "dada yake ndiye aliyekuwa anacheka hivyo."

Tangu siku ile alisema Jumamosi tu, mezani tu, na kwa sauti ile tu. Siku za shule alirudia kunyoosha mkono. Nami nikaanza kuogopa Jumamosi. Nikiwa jikoni nachambua dagaa, nilihisi mtu amesimama mlangoni. Nikigeuka, hapakuwa na mtu.

"Tuache," nikamwambia mwenzangu. "Tunachezea kitu tusichokijua."

"Tukiacha, mwalimu, atasemea wapi?"

Jumamosi iliyofuata nikaketi nao tena.

Habari zikamfikia mama yake. Alikuja Jumamosi moja, amejitanda kitenge, akasimama nje ya darasa. Nilimwamkia nikiwa nimejiandaa kulaumiwa.

"Nimesikia mwanangu anaongea huku," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Anaongea kama nani?"

Hakungoja jibu. "Naomba nikae nisikie."

Alikaa nyuma. Wasafiri walikuwa wamefika tena majini, na mvushaji akawapokea kwa utani na kile kicheko. Mama akainuka polepole, kitenge kikamteleza begani.

"Wewe mvushaji," akasema, "na wewe nani atakuvusha uje nyumbani?"

Nilitaka kwenda kumshika. Mwenzangu akaninyooshea kiganja, nisiende. Kisha akasema kwa sauti yake ileile ya kusimulia: "Ng'ambo ya maji yupo mama mmoja. Anamwita mvushaji."

Msichana aliitazama dadu, hakuigusa.

"Mama," akasema kwa ile sauti nzito, "mimi sirudi. Usiniwekee tena chakula. Kila jioni unaniwekea sahani, unakaa unaitazama, na mdogo wangu yuko palepale anakula, wewe humwoni."

Mama akajishika mdomo. Hakuna mtu mwingine shuleni aliyejua habari za sahani hiyo.

"Nimesikia, mwanangu," akasema hatimaye. "Nimesikia. Nenda salama."

Akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Msichana akatoka kwenye kiti, akampigia magoti, akasema kwa sauti nyembamba, iliyokwaruza kwa kukaa bila kutumika, "Mama, twende." Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia sauti yake mwenyewe.

Wiki zilizofuata alianza kusema darasani, kidogo kidogo, maneno mawili matatu kisha sentensi. Mezani alirudi pia, ila aliomba kuwa mganga. Mwenzangu alipouliza habari za mvushaji, alijibu tu, "Ameondoka," na hakuna mwanafunzi aliyetaka kuichukua nafasi ile. Safari zao zikawa zinazunguka mbali kuyakwepa maji.

Mwaka jana nilikutana naye stendi ya Mbinga. Anasomea uuguzi Songea. "Shikamoo mwalimu!" akaita, watu wakageuka. Tulinunua chai, tukakaa kusubiri basi lake. Akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: anaikumbuka meza, anawakumbuka wenzake, lakini hakumbuki hata neno moja alilosema alipokuwa mvushaji.

"Mama hataki kunisimulia," akasema. "Nilisemaje, mwalimu?"

Nikamweleza yote, taratibu, pamoja na habari za sahani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono yake imeizunguka glasi ya chai. Kondakta akaanza kuita abiria wa Songea. Akainuka, akabeba begi lake.

"Basi dada alisema vizuri," akasema, akapanda basi.