Tulivyosoma kwa Posta

Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea mwisho, mume wangu alikuwa kuli bandarini Kipevu, nasi tulipanga chumba kimoja Mikindani. Mimi nilikuwa nimetolewa shule darasa la tano. Mama mwenye nyumba, mjane aliyevuka miaka hamsini, hakuwa ameiona shule kabisa. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akiheshimiwa mtaa mzima. Yeye mwenyewe Kurani aliijua tangu utotoni, na herufi za kizungu alizipata ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru.

Ndiye aliyenivuta katika masomo ya posta. Serikali ilikuwa imewafungulia watu wazima njia ya kumaliza masomo ya msingi wakiwa majumbani: vitabu vililetwa, mafunzo yalitangazwa redioni saa kumi na moja jioni, na kazi zetu tulizituma kwa bahasha zisizohitaji stempu. Huko zilikofika, mwalimu tusiyemjua alizisahihisha na kuzirudisha. Tulilipiwa kila kitu. Tulikaa kwenye mkeka ukumbini, redio katikati, tukiandika upesi. Mwalimu wa redioni alituita wanafunzi wake wapendwa, na mwenzangu, yule mama mwenye nyumba, alikuwa akimjibu, “Abee.”

Kazi zake za mwanzo zilirudi na wino mwekundu. Moja iliandikwa chini: *Una kipaji, endelea.* Aliikunja, akaiweka ndani ya msahafu.

Kisha zikaacha kurudi. Tukasema posta imezidiwa. Tukaendelea kutuma karibu mwaka mzima, kwa kuwa redioni tulihimizwa tusichelewe. Mwishowe alivaa buibui lake jipya, tukaenda mjini kwenye ofisi ya masomo hayo.

Karani alitupokea vizuri, akatukalisha. Alieleza kwamba fungu la watu wazima lilikuwa limeondolewa, fedha zielekezwe kwa watoto, na wasahihishaji walikwisha kuachishwa kazi. Nilimuuliza mbona redio bado yatuhimiza.

“Zile ni kanda za zamani,” alisema. “Zinajaza muda tu.”

Mwenzangu aliuliza kazi zetu ziko wapi. Karani alitufungulia chumba cha nyuma. Bahasha zilikuwa zimetiwa katika magunia, hazijafunguliwa hata moja. Mwenzangu alipiga magoti sakafuni, na buibui lake jipya, akazitafuta zake. Alichukua muda mrefu. Nami nilizitafuta zangu, nikaona haya, nikaacha. Yeye alizipata kumi na moja. Akazibeba hadi nyumbani.

Siku ya pili nilizikuta jikoni, zimewekwa pamoja na vifuu vya kuwashia moto. Nikazichukua. Nilijiambia nafanya wema: nitazisahihisha mimi, aone kwamba hazikupotea bure. Nilinunua kalamu nyekundu.

Insha ya saba iliitwa “Siku Nisiyoisahau.” Alikuwa ameandika juu ya siku aliyozikwa mumewe. Wanawake walikuwa wakilia, akaandika, naye alikuwa amefunikwa kanga katikati yao, akihesabu siku za eda, kwa sababu zikiisha hapatakuwa na wa kumkataza kwenda kusoma. Aliandika kwamba alifurahi, na kwamba furaha hiyo ilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Ilinipasa niirudishe jikoni. Badala yake nilirekebisha nukta na koma, nikampa alama za juu, nikaandika chini, *Vizuri sana.*

Nilipompelekea aliitazama ile karatasi.

“Umeisoma hii?”

“Nimeisoma, mama.”

“Hii, mwanangu, nilimwandikia mtu asiyenijua.”

Hakunigombeza. Salamu zangu aliendelea kuzipokea, na sikukuu alituletea chakula kama kawaida. Lakini mkeka ukumbini hakuutandika tena, na akinihitaji alimtuma mtu kunibishia mlango. Nilikuwa tena mpangaji tu. Redio aliizima kila ilipofika saa kumi na moja, na mimi sikuwa na yangu.

Nimeilaumu serikali miaka mingi, na bado nailaumu. Ilituita kwa jina la wanafunzi, ikatuacha tuongee na kanda. Ila mkono ulioichafua insha ile ulikuwa wangu.

Miaka ya tisini ilipoanza, kabla hatujahamia Utange, ililetwa barua yenye muhuri wa ofisi ile ile. Aliniita ukumbini, akanikaribisha kiti, akaniomba nimsomee. Kusoma alijua, tena kunishinda. Nilisoma: masomo yangefufuliwa, kila mwanafunzi akijilipia vitabu na usahihishaji. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake mlangoni, kama mtu ambaye hakufundishwa hata irabu.

“Wasemaje?” akaniuliza.

Nikamweleza upya, kwa maneno mepesi. Akanishukuru, kama amshukuruvyo mtu asiyemjua.